Maumivu ya Kisigino na Maji Machungu ya Chumvi

Kila msimu wa karafuu ukimalizika, makonyo yakiisha kuchambuliwa na majamvi kukunjwa, baadhi ya Wanachama hubaki na deni moja lisiloandikwa katika daftari. Deni hilo ni maumivu ya kisigino. Mtu ameshinda juu ya mkarafuu wiki nyingi kwa miguu mitupu, na tawi limemkaa katikati ya unyayo. Akishuka anasimama juu ya sakafu ngumu kugeuza karafuu juani. Kisha siku moja anaamka alfajiri, anaweka mguu chini ili aende akatawadhe, na kisigino kinamchoma kana kwamba amekanyaga msumari. Akienda hatua ishirini au thelathini maumivu hupungua, akadhani yamekwisha. Jioni yanarudi.

Siku hizi Wanachama wanauliza sana habari za dawa ya kupaka iitwayo magnesiamu. Huuzwa mijini katika chupa, nyingine zimeandikwa kuwa ni mafuta, nyingine ni chumvi ya kutia katika maji ya kuoshea miguu. Wasifu wake ni mwingi: kwamba hupenya ngozi, huingia katika kano, na kuondoa maumivu. Je, ni kweli? Tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, maana fedha ya karafuu haipatikani kwa urahisi, na mguu hauna duka.

HABARI ILIVYOANZA SHANGANI

Mwandishi wa makala hii naye alikuwa na deni hilo hilo alipokwenda kuwatembelea jamaa zake Shangani. Wanachama wa Unguja wasidhani tunasema Shangani yao ya Mji Mkongwe. Hii ni Shangani ya Mtwara, kule kusini, karibu na mpaka wa Msumbiji unapomwagikia mto Ruvuma. Ukisimama pwani ya Shangani unaiona Msangamkuu ng'ambo ya maji. Bahari ikitoka, watu hushuka katika mchanga na miamba kutafuta pweza na kombe.

Jirani mmoja, mzee aliyevua samaki maisha yake yote, aliniona nikichechemea nyuani. Nikamwamkia, "Shikamoo Mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Kisigino hicho?" Nikasema ndicho. Akacheka, akasema, "Mimi kiliniuma mwaka mzima. Dawa yake ni maji machungu."

Maji machungu aliyoyasema hutoka katika mabwawa ya chumvi, ambayo pwani ya Mtwara na Lindi yako kwa wingi, na hata Pemba yapo. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa, jua likayakausha, na chumvi ya kulia ikaganda chini. Juu yake hubaki maji mazito kidogo, machungu sana ulimini, ambayo wavunaji wa chumvi huyamwaga. Mzee huyu alijaza dumu moja, na kila jioni alichanganya kidogo na maji ya moto katika beseni, akaloweka miguu. Miezi mitatu baadaye akapona.

Nilipomweleza daktari mmoja habari hiyo hakucheka wala hakuidharau. Alisema mzee ana haki kwa sehemu. Maji yale ni magnesiamu hasa, wala hapana haja ya kununua chupa. Illa kilichomponya pengine si magnesiamu. Basi tueleze mambo haya mawili moja moja.

MAGNESIAMU NI KITU GANI

Magnesiamu ni madini. Katika lita moja ya maji ya bahari mna chumvi za namna mbalimbali zipatazo gramu 35, na katika hizo magnesiamu ni kama gramu 1.3. Chumvi ya kulia ndiyo inayotangulia kuganda, na ya magnesiamu hubaki katika maji. Ndiyo maana yale maji ya mwisho huwa machungu. Chupa nyingi zinazoitwa mafuta ya magnesiamu hazina mafuta hata tone moja. Ni maji yenye chumvi ya magnesiamu iliyokolezwa, nayo huteleza mkononi kama mafuta.

Wazee wetu walikwisha kuijua chumvi nyingine ya magnesiamu tangu zamani, nayo ni haluli, chumvi ya kuharisha iliyouzwa madukani. Wazungu huiita kwa jina la mji wa Epsom, Uingereza, ambako katika karne ya 17 watu walikwenda kunywa maji yake machungu ili kusafisha tumbo. Haluli ndiyo hiyo hiyo inayouzwa leo kwa kuloweka miguu.

Mwili wa mtu mzima una magnesiamu ipatayo gramu 25. Zaidi ya nusu iko katika mifupa, na iliyobaki nyingi iko katika misuli na viungo vingine. Kazi yake ni kubwa: husaidia misuli kukaza na kulegea, mishipa ya fahamu kupeleka habari, na moyo kupiga sawasawa. Hospitalini, wazazi wenye kifafa cha mimba hudungwa sindano ya chumvi hii, nayo huokoa maisha. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba magnesiamu si dawa. Swali letu ni jingine: je, ukiipaka juu ya kisigino, yaingia ndani?

NGOZI NI MLANGO ULIOFUNGWA

Ngozi ya mwanadamu imeumbwa izuie maji na chumvi zisipite. Fikirini jambo hili. Beseni la lita 5 za maji ya bahari lina magnesiamu ipatayo gramu 6.5. Mwanamume mzima huhitaji kama miligramu 400 kwa siku, yaani beseni hilo lina haja yake ya siku 16. Kama chumvi hiyo ingepita katika ngozi kwa urahisi, mvuvi anayeshinda majini mpaka kiunoni angelemewa na magnesiamu nyingi mno katika damu yake. Hapana mvuvi aliyepatwa na hayo. Na kama ingeponya visigino, basi Shangani pasingekuwa na mvuvi wala mwanamke wa kuchokoa pweza mwenye kuchechemea. Nao wapo.

Wataalamu nao wameichungua habari hii. Mwaka 2016, huko Queensland, Australia, ngozi ya binadamu ilijaribiwa katika maabara, ikaonekana magnesiamu kidogo yaweza kupenya, na njia yake mojawapo ni vitundu vya vinyweleo. Mwaka 2017 wataalamu wa Ujerumani walikusanya na kupima majaribio yaliyokwisha kufanywa, wakaona hapana ushahidi wa kutosha wa kusema kwamba kupaka magnesiamu huiongeza mwilini.

Sasa kila Mwanachama ageuze mguu wake autazame unyayo. Je, una kinyweleo hata kimoja? Hauna. Tena ngozi ya kisigino ni nene kuliko ngozi ya karibu mwili wote, na ya mchumaji anayepanda mikarafuu kwa miguu mitupu ni nene zaidi. Basi kama magnesiamu yatafuta njia ya kuingia, kisigino ni mahali pabaya kuliko pote.

KISIGINO CHAUMA KWA NINI

Chini ya unyayo kuna utando wenye nguvu kama kamba ya katani. Huanzia katika mfupa wa kisigino, ukapita chini ya upinde wa mguu, ukafika penye vidole. Kila tukanyagapo hukazana, na kila tuinuapo mguu hulegea. Mtu akisimama mno, au akibeba uzito mwingi, au akikanyaga tawi jembamba siku nzima, utando huo huumia pale ulipojishika na mfupa. Usiku tukilala hujikunyata, na alfajiri hatua ya kwanza huuvuta kwa ghafula. Ndiyo sababu ya ule msumari wa asubuhi.

Maradhi haya ni ya kawaida sana. Yakadiriwa kwamba katika watu 10, mmoja atapatwa nayo wakati fulani wa maisha yake. Walio hatarini zaidi ni wanaosimama muda mrefu juu ya sakafu ngumu, wenye uzito mwingi, na wenye mashavu ya miguu yaliyokaza. Wengine wakipigwa picha hospitalini huambiwa wana mwiba wa mfupa katika kisigino, wakaingiwa na hofu. Wasiogope. Watu wengi wana mwiba huo na hawaumwi hata kidogo.

Habari njema ni kwamba walio wengi hupona bila ya kupasuliwa, illa huchukua miezi, pengine hata mwaka. Hapa ndipo penye mtego. Maradhi yanayopona polepole yenyewe humpa sifa yeyote aliyekuwapo siku ya kupona. Aliyepaka mafuta atasifu mafuta, na aliyefunga hirizi atasifu hirizi.

NI NINI KILICHOMPONYA MZEE

Nilirudi kwa yule mzee nikamwuliza yote aliyoyafanya katika ile miezi mitatu. Akaniambia kila jioni alikaa nusu saa bila ya kusimama, miguu ikiwa katika maji ya moto. Kisha mjukuu wake alimkanda unyayo na shavu la mguu kwa mafuta ya nazi. Akaacha kutembea miguu mitupu juu ya miamba, akavaa makatambuga ya mpira wa gari. Na kwa kuwa alikuwa akiumwa, alipunguza safari za baharini.

Basi tuhesabu: kupumzika, maji ya moto, kukandwa, viatu, na kupunguza kazi. Hayo ni mambo matano, na kila moja lina sababu ya kupunguza maumivu. La sita ni maji machungu, nalo ndilo pekee lililopewa shukrani. Mwanachama atakayenunua chupa, akaipaka asubuhi, kisha akapanda mkarafuu miguu mitupu mpaka jioni, atakuwa amechukua lile la sita na kuyaacha matano.

Hatusemi kuloweka miguu ni kosa. Maji ya uvuguvugu hulegeza misuli na kumpa mtu raha, na raha nayo ina faida yake. Mwenye haluli nyumbani na atie akipenda. Twasema tu kwamba maji matupu ya moto yatosha.

MAMBO YA KUFANYA

La kwanza, kunyoosha unyayo. Mwaka 2003 madaktari wa Rochester, katika jimbo la New York, Marekani, walitoa habari za wagonjwa 101 waliokuwa wameumwa na kisigino kwa muda mrefu. Walionyoosha utando wa unyayo wenyewe walipata nafuu kuliko walionyoosha kano ya nyuma ya kisigino tu. Namna yake ni hii. Kabla ya kushuka kitandani, kaa uweke mguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole kwa mkono, uvivute kuelekea ugokoni mpaka uhisi unyayo umekazana kama uzi. Hesabu polepole mpaka 10, kisha achia. Fanya hivyo mara 10. Rudia mara 3 kila siku, na ile ya alfajiri isikose kamwe.

La pili, kunyoosha shavu la mguu. Simama mbele ya ukuta au shina la mkarafuu, mikono yako imeshika. Peleka nyuma mguu unaouma, goti limenyooka na kisigino kimekaa chini. Inama mbele mpaka shavu livutike. Kaa hivyo nusu dakika. Fanya mara 3.

La tatu, kuutia mguu nguvu. Mazoezi haya yamejaribiwa Denmark. Maumivu yakianza kupungua, simama juu ya kidato cha ngazi kwa sehemu ya mbele ya mguu, na kanga iliyokunjwa iwe chini ya vidole ili viinuke. Inuka polepole ukihesabu 3, kaa juu ukihesabu 2, shuka ukihesabu 3. Fanya mara 12. Siku moja fanya, siku ya pili pumzika.

La nne, viatu. Kandambili nyembamba zilizolika hazifai, wala miguu mitupu juu ya sakafu ya kuanikia haifai. Vaa kiatu chenye kisigino kilichoinuka kidogo na kilicho laini ndani. Hata nyumbani, weka viatu karibu na kitanda, hatua ya kwanza ya asubuhi isiwe juu ya saruji.

La tano, baridi. Baada ya kazi, vingirisha unyayo juu ya chupa yenye maji yaliyoganda, iliyozungushiwa kitambaa, kwa muda wa dakika 10. Asiye na barafu na aweke mguu katika maji ya mtungi.

La sita, kazi yenyewe. Mchumaji akanyage tawi karibu na shina, mahali palipo pana, wala asikae muda mrefu juu ya tawi jembamba kwa katikati ya unyayo. Abadilishe miguu. Anayeumwa apewe kazi ya kuchambua akiwa amekaa. Mwenye shamba asiseme huo ni uvivu, maana mchumaji anayesikia maumivu juu ya mti ni mchumaji anayekaribia kuanguka. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika makala hii. Kisigino kinachochoma kwa ghafula humfanya mtu aruke mguu bila ya kufikiri, na juu ya mkarafuu hapana pa kurukia.

KULA MAGNESIAMU KULIKO KUIPAKA

Mwenye kuitaka magnesiamu mwilini na apitie mlango wake, nao ni kinywa. Huko Mtwara ninakoandikia habari zake, dawa hiyo imejaa mashambani kwa jina la korosho. Gramu 28 za korosho, yaani kiganja kimoja, zina magnesiamu ipatayo miligramu 74. Ufuta, njugu, kunde, maharage, mchicha na unga wa dona navyo vina sehemu nzuri. Illa tusidanganyane: korosho nazo hazitaponya kisigino kwa mwezi mmoja. Ni chakula chema cha mwili mzima, na bei yake huacha kitu tumboni.

Haluli isinywewe kwa kutaka kuponya mguu. Itamharisha mtu na kumpotezea maji mwilini. Mwenye maradhi ya figo ndiye ajihadhari zaidi, maana figo zisipofanya kazi, magnesiamu hukusanyika katika damu na kuleta hatari.

MASWALI YA WANACHAMA

Je, mafuta ya makonyo? Tulijua swali hili litakuja. Mafuta ya makonyo na ya karafuu yana nguvu ya kutia ganzi, kama kila mwenye jino bovu ajuavyo. Lakini yakipakwa matupu huunguza ngozi. Anayetaka kukandwa kwayo atie matone machache tu katika mafuta ya nazi, na ajue kwamba mkono unaokanda ndio wenye kazi.

Je, mwenye magaga? Asiloweke miguu katika maji ya chumvi ya namna yoyote. Yatamwasha, yatakausha ngozi, na nyufa zitazidi. Apake mafuta mazito usiku.

Je, mwenye kisukari? Huyu ahadhari sana. Miguu yake huenda imepoteza hisia, akaiweka katika maji ya moto yanayounguza asijue mpaka ngozi ichubuke, na kidonda chake hakiponi upesi. Watu wamekatwa miguu kwa mwanzo mdogo kama huo. Asiloweke miguu katika maji ya moto, na maumivu yake ayapeleke kwa daktari.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Kila maumivu ya kisigino si haya tuliyoyaeleza. Aende hospitali upesi mwenye mguu uliovimba, ulio mwekundu na wa moto, mwenye homa, mwenye ganzi au mwako usiku, aliyechomwa na msumari au mwiba, na anayeumwa hata akiwa amelala. Pengine ni jongo, au usaha, au jambo jingine.

Na aliyeanguka kutoka juu ya mti akatua kwa visigino, hata kama anaweza kusimama, asipakwe kitu wala asikandwe. Mfupa wa kisigino huvunjika kwa namna hiyo, na mara nyingine uti wa mgongo huumia pamoja nao. Alazwe chali juu ya ubao, asikunjwe, apelekwe hospitali akapigwe picha.

Basi, Wanachama, mkiuliza kama magnesiamu ya kupaka huponya kisigino, jibu letu ni kwamba haijathibitika, na mahali penyewe hapafai kupenywa. Mwenye chupa nyumbani asiitupe, aitumie kukandia. Asiye nayo asiuze pishi ya karafuu kuinunua. Anunue viatu, anyooshe unyayo kila alfajiri, na awe na subira. Bandu bandu huisha gogo. Kisigino cha mwandishi wenu kilichukua miezi mitano, na leo anapanda.